Shahidi wa Saruji

Baba mkwe wangu ni fundi mwashi, na mtaa mzima wanamwita Timazi. Jina hilo hakupewa na mzazi. Alipewa na mafundi wenzake kwa sababu haachani na ule uzi wake wenye kipande cha chuma kinachoning'inia mwishoni, ule wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Anao mfukoni hata akienda msibani. Siku nilipoletwa nyumbani kwake kuwa mke wa mwanawe, kabla hajanikaribisha kiti, alilipima kwanza kabati nililokuja nalo. Akasema, "Kabati limelala kushoto. Lakini mkwe wangu amesimama vizuri." Watu wakacheka. Nami nikacheka huku nimeinamisha kichwa, na tangu siku ile nikampenda kama aliyenizaa.

Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Miaka kumi na mmoja. Siku sita za wiki anajenga za watu, ya saba anajenga yake, leo tofali tano, kesho kutwa kumi, kadiri mfuko unavyomruhusu. Mama mkwe husema, "Wenzangu waliletewa viatu, mimi nililetewa mchanga." Husema hivyo akipapasa ukuta, kwa hiyo ujue si lawama.

Sebuleni, ukuta unaotazamana na mlango, kulikuwa na ufa. Ulianzia kona ya dirisha ukashuka kwa kujikunja hadi karibu na sakafu. Mgeni akiingia lazima auone. Ungedhani nyumba ya fundi haiwezi kukaa na ufa miaka miwili, lakini baba mkwe alikuwa na namna yake.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye akisikia hivyo hucheka. "Aliyesema hayo hakuwa fundi," husema. "Ufa ambao bado unatembea ukiuziba, utauziba mara mbili, na wa pili utakuwa mpana kuliko wa kwanza."

Basi hufanya hivi. Anakoroga saruji kidogo, anaibandika juu ya ufa, kipande cha upana wa kiganja cha mtoto, kimeshika upande huu na upande ule. Kabla hakijakauka anachora tarehe kwa msumari. Kipande hicho anakiita shahidi. Kama ardhi chini bado inacheza, shahidi atakatika katikati. Kama shahidi amekaa mzima, mvua ikaja ikaenda, jua likaja likaenda, basi ufa umekufa. Hapo ndipo unazibwa. Alifanya hivyo kwenye kila nyumba aliyoitwa kutengeneza, na sijawahi kusikia mtu akirudi kulalamika.

Mkopo aliuchukua kabla sijaolewa. Aliweka hati ya nyumba benki akanunua mashine ya kuchanganya zege, awe anaikodisha. Miaka miwili ilikwenda vizuri sana. Kisha mkandarasi mmoja akaikodi kwa kazi kubwa ya ghorofa, akaahidi kulipa kazi ikifika nusu. Kazi haikufika nusu. Mwenye ghorofa na mkandarasi waligombana wakapelekana mahakamani, eneo likafungwa kwa kufuli, na mashine ya baba mkwe ikabaki ndani ya uzio inanyeshewa. Ukipita pale ulikuwa unaiona kupitia kwenye mabati. Yeye aliacha kupita pale.

Barua ya kwanza ya benki ilikuja mwezi wa tatu. Macho ya baba mkwe hayapendi maandishi madogo, na mama mkwe hakusoma, kwa hiyo niliitwa mimi. Niliishia shule ya msingi lakini barua naisoma, polepole. Nilisimama sebuleni na mtoto mgongoni, nikasoma kwamba marejesho ya miezi mitatu hayajaonekana, na kwamba mkopaji anaombwa afike ofisini ndani ya siku thelathini ili wazungumze jinsi ya kumpangia malipo upya.

"Mwanangu, rudia hapo pa mwisho," alisema mama mkwe.

Nikarudia.

"Haya, mzee, si wanakuita mzungumze? Kesho vaa lile shati la bluu uende."

Baba mkwe aliitazama ile barua, akautazama ufa. "Mkandarasi amesema mwisho wa mwezi analipa," akasema. "Niende leo mikono mitupu niseme nini? Kesho hali ikibadilika niende tena niseme kingine? Kwanza jambo litulie. Likitulia naenda mara moja, naongea mara moja."

"Benki si ukuta, mzee."

"Kila kitu ni ukuta, mama watoto. Ukikiharakisha kinakuangukia."

Alitoka uani akakoroga saruji. Shahidi wa zamani alikuwa amekatika msimu uliopita wa mvua, akambandua akaweka mpya, akachora tarehe ya siku ile. Kisha barua akaichomeka kwenye msumari palepale chini ya shahidi. Mama mkwe alinitazama, nami nikamtazama.

Mume wangu anafanya kazi kiwandani, mji mwingine, na huja mwisho wa mwezi. Nilimpigia simu. Akampigia baba yake. Nilikuwa nafua pale nje nikasikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Ndiyo... ndiyo... Wewe hizo tofali ulikuwa unazikalia ukinyonya. Leo unanifundisha nyumba?" Simu ikakatwa.

Mwisho wa mwezi mkandarasi alikuwa safarini. Mwisho wa mwezi uliofuata alikuwa anaumwa. Baada ya hapo simu yake ikawa inapokelewa na mtoto anayesema baba anaoga.

"Miezi miwili huyu mtu anaoga tu," alisema mama mkwe. "Atakuwa ametakata kuliko malaika."

Barua ya pili ilikuja. Hii haikuomba. Ilisema siku sitini, na neno mnada lilikuwa ndani yake mara mbili. Baba mkwe aliniambia niichomeke kwenye msumari pamoja na mwenzake.

Siku ya pili yake nilimfunga mtoto mgongoni nikaaga naenda kliniki. Sikuzoea kudanganya, na mpaka leo sijui kama mama mkwe aliniamini, maana kadi ya kliniki ilibaki mezani na yeye aliiona akanyamaza.

Benki nilikaa kwenye foleni mpaka mtoto akaanza kulia. Dada wa mikopo alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye kucha fupi na sauti ya uchovu. Aliniletea maji ya mtoto kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilipomwambia shida yangu akasema, "Mambo ya mkopo wa mtu siwezi kumwambia mtu mwingine, hata kama ni mkwe."

"Naelewa, dada."

Akamtazama mtoto. Kisha akasema, "Lakini naweza kukwambia habari za mtu yeyote tu. Mtu yeyote akija mapema, tunaweza kumwongezea miaka, rejesho la kila mwezi likapungua. Au tunamruhusu alipe riba peke yake kwa miezi sita mpaka apate kazi. Kama ana vyumba vya mbele, anaweza kupangisha, akatuonyesha mkataba, nao ukahesabika. Na akiona kabisa hawezi, anaweza kutafuta mnunuzi yeye mwenyewe, kwa bei yake, tukamwandikia kibali. Anatulipa chetu, kinachobaki ni chake. Yote hayo yanawezekana faili likiwa hapa mezani kwangu." Aligonga meza kwa kidole. "Likishakwenda kwa dalali, mimi sina mkono tena."

"Linakwenda lini?"

"Barua ya pili ikimaliza siku zake."

Akanipa fomu. Kurasa mbili tu. "Ajaze, asaini, aje mwenyewe. Asipokuwa na hela, aje hivyohivyo. Wengi wanadhani mpaka uje na kitu mkononi. Mwambie aje hivyohivyo, dada yangu."

Njia nzima nilikuwa narudia maneno hayo nisiyasahau. Lakini kuyajua ni kitu kimoja na kuyasema mbele ya baba mkwe ni kingine. Nilimweleza mama mkwe jikoni, neno kwa neno. Alifuta mikono akaichukua fomu, akaiweka chini ya kikombe cha chai cha mumewe, kama mtu anayeweka sumu ya panya.

Baba mkwe aliinua kikombe, akaiona. Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia, "Benki, baba. Wamesema uende hata bila kitu." Nilisema kwa sauti ya mkwe, ile inayoishia kooni. Laiti ningepaza.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye kisanduku cha vifaa, pamoja na mwiko na tindo. "Ahsante, mwanangu. Fomu ni kitu cha kusainiwa jambo likiwa limetulia. Nikisaini leo nitalipa kiasi hiki, na kesho mkandarasi akanizungusha tena, nitakuwa mwongo kwa maandishi." Akanyanyuka akaenda kumtazama shahidi. Akapitisha kidole. "Mnaona? Mzima."

Kweli alikuwa mzima. Mvua zote zilipita na shahidi hakukatika. Ukuta ulikuwa umetulia. Alikuwa akitutazama kama mtu aliyeshinda mabishano, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba hatukuwa tukibishana juu ya ukuta.

Siku sitini zikaisha kama maji kwenye ungo. Aliyekuja baada ya hapo hakuleta barua. Alikuja na futi ya chuma na simu ya kupigia picha. Mthamini, kijana mpole, alivua viatu mlangoni. Alipima vyumba, akahesabu madirisha, akafika sebuleni akasimama mbele ya ufa. Akaupiga picha tatu.

"Huo umekufa," alisema baba mkwe. "Ona shahidi. Soma tarehe. Mvua nzima haujasogea hata unywele. Ni wa kuziba tu, kazi ya asubuhi moja."

"Sawa, mzee."

"Basi andika hivyo."

"Mzee wangu, mimi naandika ninachokiona. Ninaona ufa."

"Na shahidi je, humuoni?"

Kijana alikiangalia kile kipande cha saruji kwa adabu. "Hakina sehemu kwenye karatasi yangu," akasema, akaandika.

Baba mkwe alikaa kwenye kiti chake mpaka yule kijana akavaa viatu na kuondoka. Kisha akafungua kisanduku cha vifaa akatoa fomu. Ilikuwa na vumbi la saruji. Akaniomba nimsomee, akaijaza herufi moja moja, akasaini, akaenda kuvaa shati la bluu.

Tulikwenda wote wawili, na mtoto. Dada wa mikopo alinitambua mara moja. Alisimama kumpokea mzee, akamwita baba, akamvutia kiti. Aliisoma fomu yote ingawa hakuhitaji kuisoma.

"Baba, fomu hii ilikuwa ya miezi mitatu iliyopita."

"Nimekuja sasa. Jambo limetulia. Mkandarasi najua hatalipa. Nina vyumba viwili vya mbele nitapangisha. Nina mikono. Nipangieni."

"Faili limeshatoka mezani kwangu, baba. Lipo kwa dalali." "Kimebaki kitu kimoja. Ukimleta mnunuzi wako kabla ya siku ya mnada, akalipa, tutausimamisha. Zimebaki siku kumi na nne."

Nje ya benki baba mkwe alisimama kivulini akatoa timazi mfukoni. Hakupima kitu. Aliuzungusha uzi kwenye kidole, akaufungua, akauzungusha tena.

Mnunuzi alikuwepo. Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye tunamwita Bwana Misumari. Baba mkwe amenunua kwake saruji miaka ishirini, na wateja aliompelekea hawahesabiki. Alikuja siku ileile, akazunguka nyumba, akagonga kuta kwa vifundo vya vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Fundi, hii nyumba hata mimi najua. Saruji yake yote imetoka kwangu. Bei unayosema ni ya haki kabisa."

"Basi?"

"Basi nipe siku mbili niongee na mama."

Siku mbili zikawa nne. Alipopigiwa, alisema anasubiri hela ya mzigo. Siku ya nane alisema hela imeingia lakini mama ana wasiwasi na ule ufa. Baba mkwe akamweleza habari za shahidi upya, kwenye simu, kwa subira, kama anamfundisha kibarua mpya. Siku ya kumi na mbili Bwana Misumari hakupokea.

"Na huyu naye anaoga," alisema mama mkwe, lakini safari hii hakucheka.

Mnada ulikuwa saa nne asubuhi. Dalali alisimama kwenye ngazi ya baraza, ngazi ambayo baba mkwe aliibomoa mara tatu mpaka ikakaa sawa, akapiga kengele, akashika kipaza sauti ingawa watu walikuwa hatua tano mbele yake. Majirani walikuja wengi. Wachache walikuja kutupa pole, wengine walikuja kuona ndani tuna nini. Mmoja alikuja na kiti chake kabisa. Mama mkwe alimwambia, "Karibu jirani, ungesema tu, vya kwetu vipo, hata vyenyewe vinauzwa," yule mama akakinyanyua kiti akaondoka.

Dalali alianza na bei iliyoandikwa na kijana wa futi ya chuma. Akasoma, "Nyumba ina ufa sebuleni." Mtu mmoja akataja bei. Mwingine akaongeza kidogo. Kisha nyuma kabisa, mkono ukanyooshwa, na sauti niliijua kabla sijamwona mwenyewe. Alikuwa Bwana Misumari.

Hakuna aliyempita. Aliichukua kwa nusu na kidogo ya ile bei aliyoiita ya haki kabisa. Benki ikachukua chake, riba na faini, dalali akachukua chake, mthamini akachukua chake. Kilichobaki kilitosha kununua kabati kama lile nililokuja nalo. Labda lililosimama wima.

Watu walipotawanyika Bwana Misumari alimfuata baba mkwe uani. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonichoma.

"Fundi, usinichukie. Ningeinunua kwako, ningelipa mara mbili. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha? Usikimbilie ufa, subiri utulie."

Baba mkwe alimtazama. "Ulisikiliza vizuri," akasema.

Bwana Misumari alituacha tukae vyumba viwili vya nyuma, kwa kodi. Alisema ni kwa heshima ya mzee. Vya mbele na sebule akapangisha watu wengine, vilevile kama dada wa mikopo alivyosema inawezekana, na vilijaa wiki moja tu. Lakini mpangaji wa sebule hakutaka kulala anatazamana na ufa. Kwa hiyo mwenye nyumba akaja uani, akasimama mbali kidogo, akasema, "Fundi, ile kazi ya asubuhi moja. Nikulipe ngapi?"

Baba mkwe akataja bei yake ya kawaida, ile anayomtajia kila mtu.

Aliianza saa moja. Nilikuwa namshikia ndoo, mtoto anatambaa kwenye mchanga. Kwanza alimbandua shahidi kwa tindo, taratibu, akitumia ncha tu, kama anayetoa mwiba. Akatoka mzima, hana hata mstari. Alimgeuza, akausoma tena ule mwezi wa tatu kwa kidole gumba, akamtia mfukoni pamoja na timazi. Kisha akaupanua ufa, akaumwagia maji, akaujaza, akapiga lipu, akalainisha kwa kibao mpaka usingejua palikuwa na nini. Akaning'iniza timazi. Uzi ulitulia juu ya ukuta bila kuyumba. Ukuta ulikuwa wima kama siku alipoujenga.

Bwana Misumari alikuja saa sita, akapapasa, akasifu. Akahesabu noti mbele yetu akampa. Baba mkwe akazihesabu naye, akatoa mbili akazitia mfukoni, zilizobaki akamrudishia.

"Hii nini, fundi?"

"Kodi ya mwezi huu."

Bwana Misumari alizipokea. Akazikunja, akaondoka.

Mama mkwe alitoka jikoni. "Umelipwa?"

"Nimelipwa."

"Ziko wapi?"

Baba mkwe alikuwa anaosha mwiko kwenye ndoo. Akauonyesha ukuta wa sebule kwa kidevu.

"Zimeingia mle," akasema, akaendelea kuosha.